Kusafisha chimni au kuikagua kwanza? Fundi wa mtaani, kampuni ya Kampala, ama wewe mwenyewe na brashi yako

Jamani wenye nyumba za Kabale, Kisoro, Fort Portal, Kapchorwa, na hata nyinyi wa zile bangalo za zamani za Kololo na Nakasero zenye meko sebuleni, hii ni yenu. Kila ikikaribia Juni baridi ikianza kuuma watu wananiuliza swali lile lile, "nimwite nani anisafishie chimni?" na mimi kila mara nawarudisha nyuma kidogo, kwa sababu kusafisha ni kazi moja na kukagua ni kazi nyingine, na mtu anayeijua ya kwanza vizuri si lazima awe anaijua ya pili. Ukiwa na pesa ya kazi moja tu mwaka huu, mimi nakuambia lipia ukaguzi. Najua wengi hamtanikubalia mara moja kwa sababu masizi unayaona na ukaguzi huuoni, ngoja nieleze.

Tuko Kabale mwaka wa tisa sasa. Nyumba tuliinunua ikiwa imejengwa tayari, matofali ya kuchoma, mabati juu, chimni inapanda ndani ya ukuta kati ya sebule na chumba cha watoto halafu inapenya dari na kutokea juu. Huku tuko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 10 hivi, hita ya umeme inamaliza Yaka (umeme wa kulipia kabla) kabla mwezi haujafika nusu, kwa hiyo tunawasha kuni karibu kila jioni, burikoti ikipatikana, ikikosa ni mikaratusi.

Mwaka wa tatu tukaita fundi atusafishie. Kijana mzuri, mchapakazi, alipanda juu na kamba na brashi ya waya, akashusha gunia mbili za masizi na kiota kikubwa cha ndege, akafagia mpaka sakafu, tukamlipa na chai juu. Chimni ikawa inavuta kama mpya. Wiki mbili hazijaisha mtoto wangu wa kati akaanza kuamka na kichwa kinauma, kila asubuhi, akienda shule inapotea. Nikafikiri malaria, tukapima, hakuna kitu. Wifi yangu akaja kututembelea akalala chumba hicho hicho, asubuhi ya pili akaamka na kichwa na kichefuchefu. Yeye ndiye alisogeza kitanda akaweka mkono ukutani, akaniita, "Wifi, njoo ushike hapa, huu ukuta mbona uko moto hivi?" Nyuma ya kitanda plasta ilikuwa imegeuka rangi ya chai, mstari mwembamba unaopanda mpaka darini.

Ilikuwa ni ufa. Na kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi mgongoni ni kwamba ule ufa ulikuwepo siku nyingi, masizi ndiyo yalikuwa yameuziba, brashi ikayatoa na moshi ukapata mlango. Yule kijana hakukosea, alifanya alichoitiwa. Aliyekosea ni mimi niliyemuita asafishe kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameshakiangalia.

Ile hewa iliyokuwa inaingia kwa watoto inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, na ndiyo hiyo hiyo inaua watu wanaolala na sigiri ya makaa ndani milango imefungwa. Harufu ya moshi ukiisikia shukuru, maana kuna siku hutaisikia na hewa iko.

Sasa tuziweke kazi mbili kando kwa kando.

Kusafisha ni kutoa. Brashi inapita kwenye njia ya moshi juu mpaka chini, inatoa masizi, viota, majani, na ile lami ya moshi wanaiita kreosoti. Kreosoti inatoka kwa moshi wa kuni usioungua vizuri, unapanda, unakutana na ukuta wa baridi, unaganda pale. Kuni mbichi ndizo zinaleta nyingi zaidi. Hii ndiyo inashika moto ndani ya chimni, na moto wa aina hiyo ukipanda unaweza kufika nyuzi 1,000 na zaidi, matofali yanapasuka, mbao za paa zinafuata.

Kukagua ni kuangalia kama hicho kinachobeba moshi bado ni kizima. Nyufa, simenti iliyolika kati ya matofali, kofia ya juu kama ipo na haijaoza, maji ya mvua yanapoingilia pale chimni inapopenya mabati, mbao za paa ziko mbali kiasi gani na chimni. Hii ya mwisho watu hawaifikirii kabisa. Mbao inatakiwa ikae kama sentimita 5 kutoka kwa ukuta wa chimni, kwa sababu mbao inayopashwa moto kidogo kidogo miaka mingi inabadilika ndani, inafika mahali inashika moto kwa joto dogo ambalo mbao mpya isingelisikia. Brashi haiwezi kukuambia hilo, hata ipite mara kumi.

Na si mimi tu ninayetenganisha. Kule Marekani kanuni yao ya chimni, NFPA 211, inasema chimni ikaguliwe kila mwaka, na isafishwe ikihitajika, umeona mpangilio wake? Jicho kwanza. Ujerumani ndiyo wameenda mbali zaidi, tangu 2013 mwenye nyumba anachagua mwenyewe nani apige brashi, lakini ule ukaguzi wa meko umebaki kwa fundi mkuu wa eneo na anapita mara mbili kila miaka saba upende usipende. Wale wamekaa na chimni karne na karne, wakitenganisha kitu wana sababu.

Kanuni hiyo ya Marekani ina ngazi tatu za ukaguzi na zinasaidia sana hata huku kwetu ukitaka kujua ulipie nini. Ngazi ya kwanza ni ya kila mwaka, hujabadilisha kitu, fundi anaangalia sehemu zinazofikika kwa macho na tochi. Ya pili ni pale umenunua nyumba, au umebadilisha jiko, au kumetokea kitu, kwa mfano radi imepiga, chimni imewahi kushika moto, au ardhi imetikisika, hapo wanapitisha kamera ndani na wanapanda darini. Ya tatu ni kubomoa sehemu ya ukuta ili kufika pale wanaposhuku. Sisi wa magharibi hii ya pili inatuhusu kuliko tunavyofikiri, Fort Portal na Toro nzima wanakumbuka matetemeko ya 1966 na 1994, na hata lile tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 lilisikika upande wetu wa Uganda. Nyumba inaweza kusimama wima vizuri tu na chimni imepasuka ndani. Kama umenunua nyumba ya zamani na hujui historia yake, usianzie ngazi ya kwanza, anzia ya pili, mimi nilitakiwa nifanye hivyo na sikufanya.

Haya, nani aifanye sasa. Njia tatu, zote nimepitia.

WEWE MWENYEWE. Inawezekana, na kwa chimni fupi iliyonyooka ya bomba la chuma mimi hata naipendekeza. Unahitaji brashi inayolingana na njia yako (ya mraba kwa mraba, ya duara kwa duara, na kwa bomba la chuma usitumie waya mgumu utalikwaruza lianze kutu), fimbo za kuunganisha, turubai ya kuziba meko vumbi lisimwagike sebuleni, miwani, na maski ya maana, siyo kitambaa. Masizi si vumbi la kawaida. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba saratani iliyokuwa inashika wasafisha chimni inatokana na masizi, na wengi wao walianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo. Kwa hiyo tafadhali, hii kazi usimpe kijana wa shule kwa elfu tano wakati wa likizo. Hatari ya pili ni paa lenyewe, mabati ya Kabale asubuhi yana umande yanateleza kama sabuni.

Lakini kitu kimoja mwenyewe unaweza kukifanya vizuri kuliko unavyofikiri, ni kuangalia. Moto ukiwa umezima kabisa, majivu yamepoa tangu jana, ingiza simu ikiwa inarekodi vidio na tochi imewashwa, ifunge kwenye fimbo, ipandishe polepole. Halafu kwaruza ukuta wa ndani na msumari. Ukitoka unga mweusi mwepesi, hiyo ni masizi ya kawaida, brashi inatosha. Zikitoka gamba gamba nyeusi zinazong'aa na kuvunjika kama biskuti, hapo unahitaji mtu mwenye fimbo nzuri na mkono wenye nguvu. Na ukikuta kitu kama lami ya barabara imemwagwa ikakauka, msumari unateleza tu, acha kuwasha moto siku hiyo hiyo, hiyo brashi ya kawaida haiitoi na ndiyo inayowaka vibaya kuliko zote. Kipimo wanachotumia wenye kazi yao ni milimita 3, unene wa njiti ya kiberiti na zaidi kidogo, ikifika hapo safisha, ikifika 6 usiwashe kabisa mpaka isafishwe.

FUNDI WA MTAANI. Huyu anajulikana, yuko karibu, anakuja kesho, na bei mnaelewana. Ubaya wake nimeshaueleza, wengi wanajua brashi tu. Ila kuna mafundi na mafundi. Yule aliyetuokoa sisi ni mzee mmoja anayejenga chimni za lodji za upande wa Bunyonyi, hana kampuni, hana hata kadi, ana tochi, kioo cha kunyolea na akili. Alipofika hakugusa brashi. Alisema, "Mama, toa watoto wote nje, fungua madirisha ya sebule, vingine vyote funga." Akapanda akaziba juu na gunia lililoloweshwa maji, akashuka akawasha nyasi mbichi kidogo kwenye meko, kiganja kimoja tu, tukawa tunazunguka nyumba kutoka chumba mpaka chumba. Sebuleni moshi ulirudi kama kawaida. Chumba cha watoto ukatoka nyuma ya ile plasta ya rangi ya chai, na sehemu nyingine ambayo hatukuitarajia, kwenye soketi ya umeme, uzi mweupe mwembamba unapanda taratibu. Mzee aliweka kidole pale akanyamaza. Dakika kumi akatoa gunia, akazima, kazi ikawa imeisha, na ile dakika kumi imenifundisha kuliko gunia mbili za masizi. Hilo jaribio la moshi halihitaji mashine, ila linahitaji mtu anayejua anafanya nini, usilijaribu peke yako ukiwa na watu wamelala ndani.

Kwa hiyo ukimpata fundi wa mtaani mpime kwa maswali, na msikilize anajibu nini kabla hujatoa adivansi. Je, ataangalia kabla ya kupiga brashi au baadaye tu? Atapanda darini kuangalia mbao? Akikuta ufa ataujaza na nini? Akikuambia simenti ya kawaida na mchanga upande wa ndani unaopigwa na moto, kaa macho, inapasuka tena haraka, inatakiwa ile ya kustahimili moto. Na kama swali la kwanza analokuuliza yeye ni "mnachoma kuni gani, na mnazikausha muda gani," huyo mshike, usimwachie.

KAMPUNI. Tuliwaita baadaye sana, kutoka Kampala, na ukweli ni kwamba nauli na malazi yao yalikuwa sehemu kubwa ya bili kuliko kazi yenyewe, ni kama kilomita 400 hizo. Tulichofanya ni kuungana nyumba nne na gesti moja ya jirani tukagawana safari, na hapo bei ikawa ya binadamu. Ukikaa Kampala au Entebbe hii shida huna. Walikuja na mashine ya kuvuta vumbi ambayo hairudishi masizi hewani, brashi za kuzunguka na motor, na kamera kwenye waya mrefu, nikakaa nao naangalia kwenye skrini njia yangu ya moshi kutoka chini mpaka nuru ya juu. Ukarabati wa yule mzee ulikuwa umeshika vizuri. Lakini wao waliona kitu ambacho yeye hakukifikia, mti mmoja wa paa umeegemea chimni kabisa, upande uliogusa umekuwa mweusi kama umechorwa na makaa. Wakapiga picha, wakaandika ripoti kurasa mbili, na seremala wetu wa hapa hapa ndiye alikuja kukata na kusogeza. Hiyo ripoti ndiyo tofauti kubwa ninayoiona. Fundi wa mtaani anaondoka na alichoona kichwani mwake, kampuni inakuachia karatasi unayoweza kumpa fundi mwingine, au mtu anayenunua nyumba kwako.

Ubaya wao? Wengine wanakuja na kitu cha kuuza. Gesti ya jirani waliambiwa papo hapo waweke bomba jipya la stenlesi ndani ya chimni nzima. Inawezekana ni kweli wanahitaji, bomba la ndani ni tiba nzuri kwa chimni iliyopasuka sehemu nyingi, lakini sheria yangu ni moja, nionyeshe ufa kwenye vidio kwanza, nitumie hiyo vidio kwa simu, halafu nipe siku tatu. Anayekataa hiyo hana shida na chimni yangu, ana shida na pesa yangu.

Ukiniuliza mimi ningepanga vipi, iko hivi. Nyumba mpya kwako au iliyopitia moto, radi au tetemeko, kampuni yenye kamera, hata kama ni kuungana na majirani na kungoja mwezi. Ukishakuwa na ripoti safi, miaka miwili mitatu inayofuata fundi mzuri wa mtaani anatosha, anaangalia anapiga brashi, halafu unarudi kwa kamera. Na bomba fupi la chuma, mwenyewe.

Nyumba za majiko ya udongo yale ya Rocket Lorena hazihitaji mtu wa kulipwa. Jina Lorena limetoka mbali, kwa Kihispania lodo ni tope na arena ni mchanga, lilianzia Guatemala miaka ya 1970, na huku vijijini yamesambaa sana. Chimni yake ni fupi, toa masizi kila wiki mbili tatu na tawi lenye majani magumu, angalia nyufa za udongo, ziba na udongo ule ule, basi. Shule na mahospitali ni habari nyingine. Jiko la posho na maharage linawaka kutoka alfajiri, bomba linajaa kwa wiki chache, na bati lake likitoboka kutu moshi wote unaenda kwa mapafu ya wapishi. Mkiwa kwenye kamati ya shule ulizeni lini mara ya mwisho bomba lilifunguliwa.

Halafu kuna zile njia za mkato, na hizi sitazilinganisha na kitu. Kuwasha moto mkubwa makusudi ili "uchome masizi" ni kuwasha moto wa chimni kwa mkono wako mwenyewe. Kushusha jiwe limefungwa kwenye gunia kunavunja matofali ya ndani usiyoyaona. Chumvi na maganda ya viazi motoni, watu wanaapa yanafanya kazi, lakini lami iliyoganda haitoki kwa hivyo. Ile dawa ya unga ya kunyunyizia motoni inalainisha kreosoti kidogo, sawa, lakini baada yake brashi lazima ipite. Na nyuki wakiingia chimni, usiwafukize kwa kuwasha moto chini, nta inayeyuka inashuka na inawaka, ita mfuga nyuki.

Siku chimni ikishika moto utaijua kwa sauti, inanguruma kama lori linapanda mlima wa Kisoro na hakuna lori. Toa watu wote nje kwanza. Kama jiko lako lina mlango ufunge, na tundu la hewa ulifunge, ule moto unakula hewa. Usimwage maji juu ndani ya chimni, matofali ya moto yanapasuka na mvuke unaweza kukuunguza. Piga 999 au 112. Hata ukizima wenyewe usiwashe tena mpaka kamera ipite.

Kuhusu wakati, usingoje Juni, Juni mafundi wote wako bize. Mimi naita mwishoni mwa Aprili au Mei mvua zikipungua, kwa sababu mvua yenyewe ndiyo inakuonyesha maji yanaingilia wapi, doa likiwa bado bichi darini fundi analiona. Kuni nazipasua na kuzipanga chini ya banda kutoka msimu wa kiangazi uliopita, zikaushe mpaka unyevu uwe chini ya asilimia 20, ukizigonganisha mbili zinalia kama mbao siyo kama muwa. Na chimni yako ikiwa fupi inarudisha moshi kila upepo ukivuma, kabla hujamlaumu fundi pima urefu, inatakiwa ipite paa angalau sentimita 90 pale inapotokea, na iwe juu ya chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60.

Mtoto wa kati ameshahama chumba kile, sasa humo analala dada yake. Juu ya kitanda tumeweka kile kidude kinacholia hewa mbaya ikiingia, kinatumia betri, nilikiagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka Nairobi, na kila Jumamosi asubuhi binti ndiye anabonyeza kitufe cha kukijaribu, kikilia ananiita jikoni, "Mama, kimelia," na mimi naandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango, chini ya ile ripoti ya chimni.